UZI: Sehemu za asili 2, 4, 8 na sehemu ZOTE ni kitu kimoja, na utepe wa tyubu ya baiskeli unaonyesha kwanini

MwlMkongwe_Mby

Wakuu habari za jioni, mugonile kwa wa Tukuyu na kamwene kwa wa Iringa. Huku Mbeya baridi ya mwezi wa saba imeshuka haswa, nimevuta kigoda karibu na jiko la mkaa naandika hapa maana kuna kitu kimenikaa kichwani tangu juzi darasani na nikikiacha kipite sitalala.

Chukua mstari wa namba. Weka doti kwenye kila namba inayoandikika kama sehemu, 1/2, 1/3, 5/7, zote bila kubagua. Hilo kundi liite B. Alafu chukua mstari mwingine uleule lakini weka doti kwenye zile sehemu tu ambazo asili yake, yaani namba ya chini, ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivohivo kwa kuzidisha mara mbili. Hilo liite A. Kila aliyeko A yuko B pia, ila B ana watu wengi ambao A hana, 1/3 hayupo, 2/5 hayupo, 6/7 hayupo, hata moja ya kumi hayupo.

Swali nililowapa fomu faivu: tukifanya mstari wa A ni wa mpira, tunaweza kuuvuta, kuulegeza huku na kuukaza kule, BILA kuukata, bila kuukunja, bila kubandika sehemu mbili pamoja, mpaka doti zote za A zitue juu ya doti za B, na pasibaki doti hata moja ya B ambayo haijapata mwenzake?

Darasa zima likasema haiwezekani, tena wengine kwa hasira kabisa, kwamba mwalimu A ni chache utazitoa wapi za kutosha. Jibu ni kwamba INAWEZEKANA, na sio kwa hizi mbili tu. Inawezekana kwa makundi yoyote mawili ya doti ili mradi yatimize masharti mawili. Kwanza kundi liwe limetapakaa, yaani hata ukichukua kipande cha mstari kidogo kiasi gani, chembamba kuliko unywele, bado utakuta doti ya kundi humo ndani. Pili liwe la kuhesabika, yaani unaweza kuzipanga doti zake foleni ukasema huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu, na kila mmoja ana namba yake ya foleni hata kama foleni yenyewe haina mwisho. Basi. Makundi mawili ya namna hiyo kwenye mstari ni kundi moja lililovutwa tu. Hii Cantor wa Ujerumani aliionyesha kwa upande wa mpangilio mwaka 1895.

Sasa mambo ya tyubu. Jana nikapita kwa fundi baiskeli pale Uyole nikamwomba anikatie utepe wa tyubu kuukuu, ule tunaofungia mizigo kwenye keria, upana kama kidole. Nikauvuta kidogo nikaupigilia juu ya rula ya mita, mwisho mmoja kwenye 0 na mwingine kwenye sentimita 100, alafu kwa ile peni ya kufutia nikachora doti kwenye 12.5, 25, 37.5, 50, 62.5, 75 na 87.5. Hizo ni nane-nane zetu, za A. Nikachoma pini kwenye doti ya 50, ibaki palepale. Nikashika doti ya 25 na kucha nikaivuta mpaka 33.3 kwenye rula, hapo ndo 1/3, nikaichoma pini. Doti ya 12.5 yenyewe ikasogea ikafika kama 16.7, nami nikaivuta tena mpaka 25. Kwaiyo ile iliyokuwa 1/4 imekuwa 1/3, na 1/8 ndo amechukua kiti cha 1/4. Ya 37.5 nikaipeleka 40 ambayo ni 2/5. Mpira haukukatika, hakuna doti iliyoruka juu ya mwenzake, na kila pini ninayochoma inaacha nafasi ya kuchoma nyingine katikati. Vijana walikaa kimya kabisa wanaangalia.

Nitaendelea na namna ya kupata hizo pini zote, ngoja kwanza nione kama kuna watu.

Kijana_wa_Kihesa

Tupo mwalimu. Ila mimi hapo nina swali la msingi, hivi ukishavuta 1/4 ukamweka 1/3 si umeharibu hesabu? 1/4 sio 1/3 hata uivute vipi.

MwlMkongwe_Mby

Kaka upo sahihi kama tungekuwa tunalinda umbali, lakini hapa tumekubali kuuachia umbali uende. Hii ndo topolojia yenyewe. Tunacholinda ni ujirani: waliokuwa wanakaribiana wabaki wanakaribiana, na ukirudisha mpira ulivyokuwa vilevile wabaki wanakaribiana. Mvuto wa namna hiyo wenye kwenda na kurudi salama wenyewe wanauita homeomofizimu. Umbali unaondoka, urefu unaondoka, hata jina la namba linaondoka, kinachobaki ni jinsi doti zilivyokaa. Ndo maana swali linakuwa tamu, maana ukishaondoa umbali unabaki kujiuliza je kuna kitu kingine cha kutofautisha A na B? Na jibu kwenye mstari ni hakuna, hakuna kabisa.

BintiMafinga

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fomu faivu PCM, naomba utuonyeshe hizo pini zinapatikanaje, maana pini saba naelewa lakini doti hazina mwisho.

MwlMkongwe_Mby

Marahaba binti yangu, umeuliza palepale.

Fikiria familia mbili, A na B, kila familia imepanga watoto wake foleni kuanzia mkubwa. Tunaozesha. Zamu ya kwanza ni ya A: mkubwa wao ambaye hajaoa anachaguliwa mwenza kutoka B. Zamu ya pili ni ya B: mkubwa wa B ambaye bado hajaolewa ndo anatafutiwa mwenza kutoka A. Zamu ya tatu tunarudi A, ya nne B, zamu kwa zamu bila kuchoka. Sharti ni moja tu: mwenza lazima akae kwenye nafasi ileile kwa kuangalia waliokwisha kuoana. Yaani kama mtoto wa A yuko katikati ya wenzake wawili waliokwisha oa, basi mwenza wake awe katikati ya wake zao kwenye mstari wa B. Je atapatikana? Atapatikana siku zote, KWA SABABU B imetapakaa, kati ya doti zozote mbili kuna doti nyingine. Na akiwa yuko kulia kuliko wote pia atapatikana maana mstari hauna mwisho. Hapo ndo kutapakaa kunafanya kazi yake.

Na kuhesabika kunafanya kazi gani? Kunahakikisha kila mtu anafikiwa. Mtoto wa 500 kwenye foleni ya A hawezi kusubiri zaidi ya zamu ya A ya 500. Kwaiyo mwisho wa yote hakuna aliyebaki nyumbani, si A wala B.

Hii ya zamu kwa zamu, kwenda na kurudi, Cantor mwenyewe hakuitumia, yeye alienda upande mmoja tu akichagua kila mara anayefaa aliye mbele zaidi kwenye foleni, na inafanya kazi. Mtindo wa kwenda na kurudi ni wa waliomfuata, Hausdorff anao kwenye kitabu chake cha 1914. Mimi naupenda huu wa pili kwa sababu unaona haki imetendeka pande zote, huna haja ya kuja kuthibitisha baadaye kwamba B hajabaki mtu.

Kinachobaki ni zile namba ambazo haziko A wala B, kama mzizi wa 2. Nani anaziweka mahali pake? Zinajiweka zenyewe. Mzizi wa 2 amebanwa kushoto na kulia na doti za A, doti hizo zimeshapata mahali upande wa B, basi yeye anatua kwenye ufa uliobaki katikati yake. Na ufa huo una namba moja tu, haiwezi kuwa na kipande kizima, maana B ingekuwa na doti humo na doti hiyo tayari imeshaolewa. Kaeni na sentensi hiyo ya mwisho taratibu, imebeba uthibitisho wote.

Kijana_wa_Kihesa

Nimekaa nayo. Nimeisoma mara nne nikiwa kwenye daladala. Sasa nimeelewa mwalimu, kumbe kutapakaa kunatumika mara mbili, mara ya kwanza kupata mwenza na mara ya pili kuziba ufa.

Mkulima_Njombe

Sasa mbona ulichagua 1/3, 2/5, 1/4 hizo hizo? Ulikuwa unapiga ramli au kuna kanuni?

MwlMkongwe_Mby

Mkuu kuna kanuni na hapa ndo palinifanya nifungue uzi. Kanuni yenyewe ni lile kosa tunalowachapia watoto! Mtoto wa fomu wani ukimwambia jumlisha 1/2 na 1/3 anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, anakuandikia 2/5. Tunamwekea X nyekundu. Na kama kujumlisha ni kosa kweli. Lakini angalia 2/5 iko wapi: iko KATIKATI ya 1/3 na 1/2. Siku zote inakuwa katikati, jaribu mwenyewe.

Kwaiyo fanya hivi. Upande wa B anza na 0/1 na 1/1, na kila mara kati ya majirani wawili weka hiyo sehemu ya kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Unapata 1/2. Raundi inayofuata 1/3 na 2/3. Raundi inayofuata 1/4, 2/5, 3/5, 3/4. Stern mwaka 1858 na Brocot mwaka 1861 ndo wanaotajwa kwa mti huu, na uzuri wake ni kwamba kila sehemu kati ya 0 na 1 inatokea, tena mara moja tu, tena ikiwa imeshapunguzwa kabisa. Brocot alikuwa fundi saa, alikuwa anatafuta hesabu ya meno ya gia. Upande wa A anza pia na 0 na 1 ila kila mara chukua nusu ya njia ya kawaida: 1/2, alafu 1/4 na 3/4, alafu 1/8, 3/8, 5/8, 7/8. Oanisha raundi kwa raundi kwa mpangilio wao:

1/2 na 1/2
1/4 na 1/3
3/4 na 2/3
1/8 na 1/4
3/8 na 2/5
5/8 na 3/5
7/8 na 3/4

Wa kwanza ni wa A, wa pili ni wa B. Angalia 3/4 ametokea mara mbili, kama mtoto wa A ameoa 2/3, na kama mtoto wa B ameolewa na 7/8. Hakuna ugomvi, ni watu wawili tofauti wa jina moja.

Minkowski mwaka 1904 alichukua mvuto huu kwa upande wa kurudi, kutoka B kwenda A, na alama yake kwenye vitabu mpaka leo ni ile ya kuuliza, ?. Mchoro wake unapanda kutoka 0 mpaka 1 bila kuruka na bila kupumzika hata sehemu moja, lakini ukipima mteremko wake karibu kila mahali unakuta ni sifuri. Kwaiyo msidhani mpira huu ni mpole. Doti zimekubali kuoana, ila mpira wenyewe umeteseka sana.

Mkulima_Njombe

Asee. Hii ya kosa la watoto imenigusa, mimi nilichapwa kwa 2/5 hiyohiyo. Sasa nipe na shamba, maana mstari una kushoto na kulia, ila shambani kwangu huku kwenye viazi hakuna kushoto na kulia, kuna kila upande. Doti zikitapakaa shamba zima inakuwaje?

MwlMkongwe_Mby

Pole kwa fimbo mkuu. Na swali lako ni zito, maana njia ya kuoza kwa kufuata nafasi kwenye mstari inakufa, hakuna tena "katikati ya". Ila matokeo yanabaki yaleyale, kwenye bapa, kwenye nafasi ya pande tatu, hata pande 17. Fréchet wa Ufaransa mwaka 1910 na Brouwer wa Uholanzi mwaka 1913 ndo walioyafikia.

Njia ni hii. Mama yangu akisukuma chapati, chukua mdomo wa kikombe uubonyeze juu ya unga bila kukata. Ndani ya duara hilo unaweza kusukuma punje moja ya iliki kutoka hapa kwenda pale kwa kidole, na unga wote NJE ya duara hautikisiki. Huo ndo mvuto mdogo. Sasa zamu ya A: doti yake ya kwanza inasukumwa ndani ya kiduara mpaka itue kwenye doti ya B iliyo karibu, ipo tu maana B imetapakaa. Alafu zamu ya B: doti yake ya kwanza ambayo haijapata mtu, tunaitafutia doti ya A iliyo karibu tunaisukuma mpaka hapo, kwenye kiduara kidogo zaidi ambacho hakigusi waliokwisha oana. Kila zamu kiduara kinapungua sana, kwa haraka, kiasi kwamba misukumo yote isiyo na mwisho ukiijumlisha bado unga umetulia na haujachanika. Kazi ngumu kwenye uthibitisho ni hapo tu, kuchagua viduara vidogo vya kutosha ili hata njia ya kurudi iwe salama. Mengine yote ni subira.

NyasiZaRungwe

Mugonile mwalimu. Nimesoma uzi wote mpaka hapa. Naona unasema kila mahali inawezekana, sasa wapi HAIWEZEKANI? Maana kitu kikikubali kila mahali hakitufundishi kitu.

MwlMkongwe_Mby

Ugonile ndugu yangu. Una haki, na mfano upo mlangoni kwako kabisa, uko njiani kwako kila ukija mjini.

Anza na kipande cha mstari chenye ncha, 0 mpaka 1, ncha zote mbili zikiwemo. Ukiondoa pointi ya katikati kipande kinagawanyika viwili. Ukiondoa ncha hakigawanyiki. Kwaiyo mvuto wowote lazima upeleke ncha kwenye ncha, hauna ujanja. Sasa kundi moja la doti liwe na ncha ya 0 ndani yake, kundi jingine lisiwe na ncha yoyote. Yote yametapakaa, yote yanahesabika, na huwezi kulipeleka moja kwa jingine hata ufanyeje. Kipande hiki kina aina tatu za makundi: lisilo na ncha, lenye ncha moja, lenye ncha zote mbili. Sio nne, kwa sababu mwenye ncha ya kushoto ukigeuza utepe anakuwa mwenye ncha ya kulia.

Sasa njoo njia panda ya Uyole. Barabara tatu zinakutana: inayotoka Igawa na Iringa, inayokwenda mjini na Tunduma, na inayoshuka kwenu Tukuyu mpaka Kasumulu. Fikiria barabara hizo ni nyuzi tatu zisizo na mwisho. Pointi ya njia panda ukiiondoa unabaki na vipande vitatu, pointi nyingine yoyote ukiiondoa unabaki na viwili. Kwaiyo Uyole anajulikana, hawezi kujificha. Kundi lenye doti Uyole na kundi lisilo na doti Uyole hayataoana kamwe. Aina mbili.

Sasa nawaachia: barabara hizo tatu zikiwa na mwisho, kila moja na geti lake mwishoni na geti limo ndani ya nafasi, kuna aina ngapi?

Kijana_wa_Kihesa

Aina 16. Pointi maalum ni nne, Uyole na mageti matatu, kila moja ina doti au haina, 2 mara 2 mara 2 mara 2.

BintiMafinga

Kaka samahani, mi naona ni 8. Mageti yanaweza kubadilishana, barabara ya Kasumulu ukiizungusha ikae ya Tunduma hakuna anayejua. Kwaiyo swali sio geti gani lina doti ila ni mageti MANGAPI yana doti, 0, 1, 2 au 3, hizo nne. Na Uyole ina doti au haina, mbili. 4 mara 2 ni 8.

MwlMkongwe_Mby

Binti amepatia, ni 8. Kijana wa Kihesa nawe hukuwa mbali, ungekuwa sahihi kama kila geti lingekuwa na jina lake la kudumu. Na hizo 8 zote zipo kweli na hakuna ya 9, kwa sababu ukishapanga mageti na njia panda, kila barabara katikati yake ni mstari wa kawaida, na kwenye mstari tumeshaozesha.

fundi_hesabu

Mwalimu nakupongeza kwa dhati, niliyasoma haya chuo kwa lugha nyingine na sikuwahi kuyaona hivi. Naongezea machache kama hutojali.

Jina la nafasi hizi, kwamba makundi yake yote yanayohesabika na kutapakaa ni sawa, lilitoka kwa Bennett mwaka 1972. Na yeye na waliomfuata walionyesha kwamba ile hoja yako ya kikombe na chapati ndo roho ya jambo zima: nafasi yenye kupimika umbali, isiyo na mashimo, iliyo na foleni ya doti za kutapakaa, na inayokubali misukumo midogo ndani ya viduara kila mahali, basi inaingia moja kwa moja.

Ila hayo maneno "isiyo na mashimo" yasipite hivihivi. Chukua B yenyewe, namba za sehemu zote, uifanye ndo nafasi nzima, ulimwengu mzima ni sehemu tu, na palipokuwa na mzizi wa 2 na wenzake ni mashimo. Pointi zote humo zinafanana, yoyote unaweza kuipeleka kwa yoyote kwa kuongeza namba. Lakini nafasi yenyewe inahesabika, kwaiyo yenyewe nzima ni kundi lililotapakaa ndani yake. Toa 0: kilichobaki bado kinahesabika na bado kimetapakaa. Je mvuto wowote unaweza kupeleka nafasi nzima kwenye nafasi iliyopungukiwa 0? Hauwezi, nzima inakwenda kwenye nzima. Kwaiyo pointi kufanana moja moja ni jambo jingine, na makundi kufanana ni jambo jingine.

NyasiZaRungwe

Hapo nimeshtuka. Maana nilishadhani kisa ni pointi maalum tu, kama Uyole. Kumbe hata pasipo na Uyole inaweza kugoma.

Sasa fundi, na seti ya Cantor je? Ile ya kukata theluthi ya katikati, alafu theluthi za katikati za vilivyobaki, bila mwisho. Ile ina ncha kibao, 1/3 ni ncha, 2/3 ni ncha, 1/9 ni ncha. Na pia ina pointi ambazo sio ncha, kama 1/4. Basi nayo itagoma kama kipande chenye ncha, si ndio?

fundi_hesabu

Hapana, inakubali, na sababu yake ni nzuri sana. Nani anasema 1/3 ni ncha? Anayesema ni yule aliyesimama NJE, anayeona mstari mzima na pengo lililo kulia kwa 1/3. Aliye ndani ya seti haoni pengo, maana kwake pengo halipo, hakuna pointi humo. Yeye anachoona ni kwamba amezungukwa na vijipande, kila kijipande kinagawanyika viwili, na kila kimoja kinafanana na seti nzima. 1/3 anaona hivyo na 1/4 anaona hivyohivyo. Unaweza kubadilishana vijipande kama karata, hakuna sheria ya kulinda kushoto na kulia. Kwaiyo kila pointi ni sawa na kila pointi na makundi yote yanaoana.

Na kuna kubwa zaidi. Chukua vipande vya 0 mpaka 1 vyenye ncha, vizidishe pamoja visivyo na idadi, kimoja kwa kila namba 1, 2, 3 na kuendelea. Mraba una kingo, mchemraba una kingo, ungetegemea dude hili liwe na kingo tupu. Keller mwaka 1931 akaonyesha kwamba pointi zake zote zinafanana, kingo zimepotea kabisa, na Fort mwaka 1962 akaonyesha makundi nayo yote yanafanana. Mchemraba wa Hilbert ndo jina lake. Pande zikiwa chache kingo zinaonekana, pande zikiwa hazina mwisho kingo zinayeyuka.

MwlMkongwe_Mby

Fundi ubarikiwe sana. Hiyo ya aliye ndani na aliye nje nitaitumia Jumatatu.

Mkulima_Njombe

Kwanini mmeng'ang'ania ya kuhesabika? Nikichukua makundi makubwa yasiyopangika foleni?

fundi_hesabu

Mkuu yanavunjika mara moja. Mstari wote ukitoa pointi ya 0 ni kundi lililotapakaa lisilohesabika. Mstari wote ukitoa sehemu zote za B nalo limetapakaa, halihesabiki. La kwanza limeachia pointi moja nje, la pili limeachia nje pointi zisizo na mwisho. Mvuto unapeleka walioachwa kwa walioachwa, na mmoja hawezi kuwa wengi.

Na kwa wanaopenda kwenda mbali: mwaka 2005 Hrušák na Zamora Avilés walionyesha kwamba kwa nafasi za kawaida, zile zinazojengwa kwa hatua za kueleweka kutoka kwenye vipande vya wazi, kama makundi yote yanaoana basi nafasi lazima iwe haina mashimo. Yaani ile nafasi ya B haikugoma kwa bahati mbaya. Na mwaka huohuo Farah, Hrušák na Martínez Ranero wakaonyesha kwamba ukitoka nje ya hizo za kawaida, lipo kundi la namba halisi lenye mashimo ambalo bado linakubali. Kwaiyo mpaka upo, na sio ule uliotegemewa na wengi.

BintiMafinga

Mwalimu mimi nimerudi. Jana umeme ulikatika bweni zima nikawa nafanya hii ya kuoza kwa tochi ya matroni. Nimefika raundi inayofuata, naomba unisahihishie:

1/16 na 1/5
3/16 na 2/7
5/16 na 3/8
7/16 na 3/7

Nikaishia hapo karatasi ikaisha. Ila nikajiuliza kitu. Upande wa mpira wa A, pointi ya 2/3 HAINA doti, kwa sababu 3 haipo kwenye 2, 4, 8. Kwaiyo yeye hajaoa mtu. Lakini ulisema wasio na doti wanajiweka wenyewe kwenye ufa. Je ufa wake uko wapi?

Nikamfuata kwa kumbana. 2/3 iko kati ya 1/2 na 3/4. Alafu kati ya 5/8 na 3/4. Alafu kati ya 5/8 na 11/16. Alafu kati ya 21/32 na 11/16. Wenza wao upande wa B nimepata hivi kwa ile kanuni ya kosa: 1/2, 2/3, 3/5, 5/8, 8/13. Kwaiyo ufa unabanwa 2/3 huku na 3/5 huku, alafu 5/8 na 3/5, alafu 5/8 na 8/13. Nikigawanya 8 kwa 13 napata 0.615, na 5 kwa 8 ni 0.625. Anayefuata ni 13/21 ambayo ni 0.619. Inaonekana inakwenda kwenye 0.618 na kitu hivi, na hizo namba 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21 kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia. Hiyo 0.618 ni sehemu ya ngapi kwa ngapi mwalimu?

MwlMkongwe_Mby

Raundi yako yote sahihi, hakuna hata moja ya kurekebisha.

Na hiyo 0.618 sio sehemu binti yangu, ndo maana huioni kwenye foleni ya B. Haiwezi kuwa sehemu, kwa sababu 2/3 hakuwa na doti A, na wasio na doti wanakwenda kwa wasio na doti. Iite x. Kila hatua ulikuwa unatoka kwenye sehemu moja kwenda inayofuata kwa kuchukua 1 gawanya kwa 1 kujumlisha ile uliyonayo, jaribu uone: 1 gawanya kwa 1 na 5/8 inakupa 8/13. Mwisho wa safari haisogei tena, kwaiyo x ni sawa na 1 gawanya kwa 1 kujumlisha x. Ikunjue unapata x mara x kujumlisha x kutoa 1 ni sifuri, na ile fomula ya fomu tuu inakupa mzizi wa 5 kutoa 1, gawanya kwa 2. Ni 0.618033 na kuendelea.

Jumatatu nakuja na utepe mrefu zaidi. Nimeshamwambia fundi wa Uyole aniwekee tyubu nzima.